Kabla hujaingia mlangoni: namna ya kujitambua na kuweka nia ukiwa unaongoza watu, kazini na nyumbani

Ukitaka kujua msimamizi wa mahali ni mtu wa aina gani usimuulize mwenyewe, kaa tu pale kazini kwake asubuhi kabla hajafika alafu subiri pikipiki yake ikate kona. Hapa Ngamiani, mjini Tanga, maduka yamebanana, kwahiyo haya mambo unayaona bila hata kuchungulia. Keshia anafunga droo haraka, kijana aliekuwa amekaa juu ya mifuko ya saruji anashuka, mwingine anachukua ufagio anafagia pale pale palipofagiliwa, stori zinakatika ghafla. Duka la jirani bosi nae anafika muda huo huo na hakuna anaeshtuka, mmoja anamwambia "shikamoo bosi, nondo za milimita 12 zimebaki chache tuagize leo", wanaendelea na kazi. Hao mabosi wawili ukiwauliza wote watakujibu sawa, "mimi na vijana wangu tunaelewana sana". Na nyumbani ndio hivyo hivyo, watoto kwa mlio wa geti tu wanajua kama leo baba ni wa kukimbilia au ni wa kuzama chumbani na daftari.

Mimi nasimamia duka la vifaa vya ujenzi, nina vijana wa kupakia, keshia na mtu wa stoo, na nyumbani nina mume, watoto na mama mkwe, kwahiyo haya ninayoandika ndio maisha yangu ya kila siku na nayapenda kweli. Na sisemi na mameneja peke yao. Mwenyekiti wa kikoba anaongoza, muuguzi wa zamu pale wodini anaongoza, nahodha wa boti anaongoza, dada mkubwa aliebaki na wadogo zake baada ya wazazi kuondoka anaongoza, tena huyo pengine kuliko wote. Wote hawa wanasomwa usoni kabla hawajafungua mdomo. Ninachokuomba ni kimoja tu, jisome wewe kwanza kabla hawajakusoma, alafu uamue unaingia pale na nia gani. Namna ya kufanya ni hii.

Anza na mwili wako na saa yako

Kila mtu ana namna yake ya kuharibikiwa. Kuna anaepandisha sauti, kuna anaeanza kutembea haraka na kugusa gusa vitu, kuna anaenuna. Na wanunaji tusijifanye tuna nafuu eti kwa sababu hatupigi kelele, maana kijana akimsalimia mkubwa wake asubuhi akajibiwa kwa kidevu, siku nzima anajiuliza amekosa nini na kazi inaharibika mikononi mwake. Wewe dalili zako ni zipi? Masikio yanapata moto, taya linakaza, unaanza kuwaita watu "wewe" badala ya majina yao? Zitafute, kwa sababu dalili huwa zinatangulia, na ukizikamata mapema bado una nafasi ya kuchagua, ukizikamata umechelewa ndio unakuta maneno yameshatoka.

Nunua kidaftari cha bei rahisi, kaa nacho kama wiki mbili. Kila ukifoka au ukinuna andika saa ngapi, nani alikuwepo, na nini kilitangulia. Usijihukumu humo ndani wala usijieleze, andika tu kama unaandika mzigo ulioingia stoo. Kuna ndugu yangu anasimamia wapakiaji kwenye ghala, alikuwa anaamini kabisa vijana wake ni wavivu wa asubuhi. Alipoandika akaona ugomvi wake karibu wote uko kabla ya chai ya saa nne. Anatoka kwake Pongwe saa kumi na moja alfajiri hajala kitu, anaendesha pikipiki na baridi yake, anafika anasimama juani, mpaka saa tatu na nusu mtu yeyote mbele yake ni adui. Hakwenda semina yoyote, alianza kunywa chai na mihogo kabla ya kufungua ghala, basi. Uvivu wa vijana ukapungua ajabu.

Sio kila jambo litaisha kwa mihogo, najua. Utakuta chanzo ni simu ya mwenye mali, au deni, au mtu fulani ambae sura yake tu inakukumbusha jambo lingine kabisa la zamani. Lakini utakuwa umejua, na ukishajua huwezi tena kumbebesha mzigo huo kijana wa watu ambae hana habari.

Alafu ipe hisia jina lake. Tumezoea kusema "leo nimevurugwa" tukamaliza, wakati ndani ya hilo neno kunaweza kuwa na hasira, au aibu, au hofu ya kuonekana hujui, au uchovu mtupu, na kila moja dawa yake tofauti. Mwenye aibu akijidhania ana hasira atagombeza, mchovu akijidhania ana hasira atagombeza, mwisho wa siku wote wamegombeza na hakuna aliepona. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles waliwapima watu ubongo huku wakitazama picha za nyuso zenye hasira na hofu, wakaona mtu akiitaja hisia kwa jina ile sehemu ya ubongo inayoshtuka, amigdala, inatulia zaidi kuliko akitazama tu. Kwahiyo kabla hujaingia simama nje sekunde chache, jiambie kimoyomoyo "hapa nina hofu, mzigo haujafika na mteja anakuja saa sita". Ukiingia na hilo unaweza hata kuwaambia wenzako, "jamani leo nina wasiwasi na ule mzigo, nikiwa mkali mnisamehe, tusaidiane kufuatilia". Hapo umeshawatoa kwenye kubahatisha.

Waulize wanaokuona

Kujitazama mwenyewe hakutoshi, nyani haoni kundule. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, mwaka 1955 walichora kitu kama dirisha la vioo vinne: mambo yako unayoyajua wewe na wenzako pia, unayoyajua wewe ukayaficha, ambayo hakuna anaeyajua, na yale ambayo wenzako wote wanayaona ila wewe huyaoni. Hicho kioo cha mwisho ndio kinachowaangusha viongozi wengi, na hakuna namna ya kukifungua isipokuwa kuuliza.

Sasa hapa kwetu pwani kuuliza kuna kazi yake. Sisi watu wa Tanga tumelelewa kumsitiri mkubwa, ukisimama kwenye kikao ukauliza "jamani mnanionaje?" utaambiwa "hatuna tatizo na wewe bosi", wanaitikia wote, alafu jioni wakiwa kwenye baiskeli zao wanarudi Makorora ndio wanasema ukweli. Kwahiyo usiulize kwenye kikao, usiulize ukiwa umekaa nyuma ya meza yako na yeye amesimama, na usiulize swali pana. Uliza kitu kimoja, kidogo, cha wiki hii. Dada mmoja anasimamia duka la vyakula la jumla karibu na soko la Mgandini alinisimulia alivyofanya, wako wawili na kijana wake wanahesabu viroba vya unga:

"Hivi mwanangu, kitu gani kimoja mimi nikiacha kukifanya, kazi yako itakuwa nyepesi?"

"Hamna mama, kazi inaenda tu."

"Kimoja tu, hata kidogo."

Kijana akajipangusa unga mikononi, akaangalia mlango, akasema, "Labda ukinituma stoo usimtume na mwingine kitu hicho hicho. Tunakutana kule tunaona kama hatuaminiki."

Angalia hapo, yule dada alikuwa anatuma wawili ili kazi iende haraka, ndio nia yake, lakini kilichofika kwa vijana ni kwamba wanashukiwa wizi. Nia unaijua wewe peke yako, wenzako wanachokiona ni kitendo, na wanakitafsiri kwa namna wanavyokujua. Akamjibu "asante, nimekusikia", akanyamaza. Hakujieleza. Hili ndio gumu kuliko yote na naomba ulifanyie mazoezi kweli kweli, mtu akikwambia ukweli usianze na "aaah mimi nilikuwa nafanya vile kwa sababu", maana ukijitetea mara moja tu hutaambiwa tena mwaka mzima. Shukuru, kaa nalo siku mbili tatu, alafu mrudie umwambie umebadilisha nini au kwanini hili limeshindikana. Asiporudiwa atajua ulikuwa unachunguza nani ana kinyongo.

Kwa watoto usihangaike na maswali. Waambie waigize, "haya nani ataigiza mama akirudi kutoka kazini?" utashangaa jinsi walivyokuhifadhi. Mtoto wa miaka saba anaingia mlangoni simu iko sikioni, anaonyesha viatu kwa kidole bila kuacha kuongea, anauliza "nani kaacha hivi?", anapita moja kwa moja jikoni, hajasalimia mtu. Wote watacheka na wewe cheka nao, ila ukilala usiku ule usisahau ulichokiona.

Kusudia kwa maneno yanayoshikika

"Kuanzia kesho nitakuwa mpole" haina mahali pa kushika, itakuponyoka saa mbili na nusu asubuhi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, mwaka 1999 aliandika muhtasari wa tafiti zake kuhusu namna watu wanavyotimiza walichokusudia, na jambo lenyewe ni rahisi: anaepanga kwa mtindo wa kama hivi ikitokea, basi nitafanya vile, anafanikiwa zaidi kuliko anaetamani tu. Sababu ni kwamba uamuzi umeshafanyika ukiwa umetulia, lile tukio likija linakuamsha lenyewe.

Kwahiyo chukua yale ya kwenye kidaftari uyageuze. Kama keshia akija jioni na hesabu pungufu, basi nitavuta kiti nikae na yeye akae, nitaomba risiti za siku, ndio niulize. Kama mteja akinifokea mbele ya vijana, basi nitamhudumia amalize aende, na sitamgeukia kijana yeyote mpaka nimekunywa maji. Kama nikifika nyumbani nikakuta vyombo havijaoshwa, basi nitamsalimia kila mtu kwa jina lake kwanza, nivue viatu, nikae, alafu ndio niseme habari ya vyombo. Ziwe mbili au tatu tu kwa wakati mmoja, ukiandika kumi hutakumbuka hata moja. Na iwe ni kitendo, kitu ambacho mtu akisimama pembeni anaweza kuona kama umekifanya au hujakifanya.

Na kabla ya kikao chochote au maongezi yoyote mazito jiulize, nataka tutoke hapa na nini? Unaenda kumuita kijana aliechelewa mara tatu, unataka afike mapema au unataka ajisikie vibaya? Ukiwa mkweli saa ingine utakuta unataka la pili, basi ahirisha mpaka jioni.

Nchi hii ina mfano mkubwa wa mtu kujiuliza kazi yake hasa ni ipi. Uhuru tumepata 9 Desemba 1961, Januari 1962 Mwalimu Nyerere akaachia uwaziri mkuu, akamkabidhi Rashidi Kawawa, yeye akaenda kukijenga chama na kuzungumza na watu mikoani, ndio baadae mwaka ule ule akagombea urais. Kiti kipo, shangwe bado hazijapoa, na mtu anaamua kazi inayomhitaji iko kwingine. Sisi wa madukani na maofisini swali letu ni dogo zaidi lakini ni lile lile, leo hapa nahitajika kusukuma mzigo, au kufundisha, au kunyamaza niwaache wafanye?

Na Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ulisema wazi kiongozi haruhusiwi kuwa na kiburi, anasa, dharau wala uonevu, na wafanyakazi viwandani wakautumia kweli kuwakataa mameneja waliokuwa wanawadharau. Dharau naiweka mbele kabisa kwa sababu ndio inayojificha zaidi, mtu hatukani wala hapigi, ila anaongea na simu huku kijana amesimama dakika tano anasubiri jibu la ndio au hapana.

Njiani

Mji wetu una baraka hii ya baiskeli na umbali mfupi, na watu wanaipoteza. Toka mjini mpaka Sahare au Makorora hakukuchoshi, ila kunatosha kabisa kuvua kazi na kuvaa nyumba kama ukikusudia. Chagua alama moja njiani, msikiti fulani, kituo cha daladala, kona ya sokoni, yoyote ile. Kabla ya alama fikiria kazi unavyotaka, gombana na mwenye mali kichwani, maliza hesabu, ukishapita alama anza kuwaza walioko nyumbani mmoja mmoja, huyu leo alikuwa na mtihani, yule aliamka anakohoa, mama mkwe miguu ilikuwa inamsumbua. Ukifika unauliza hayo, na mtu akiulizwa jambo lake mwenyewe anajua ulikuwa nae hata ulipokuwa mbali. Asubuhi fanya kinyume chake. Simu isitoke mfukoni njia nzima, na kama uko kwenye bodaboda au daladala ndio kabisa huna kisingizio.

Anaeishi nyuma ya duka lake au anaefanyia biashara barazani hana njia ya kupita, basi atafute kitu kingine cha kukata, kuoga, kubadilisha nguo, swala ya magharibi bila kurudi tena kwenye hesabu, kuzima data. Akiunganisha moja kwa moja nyumba itakuwa kaunta.

Hapo hapo kwenye mipaka, na wao wana nyumbani kwao. Sheria ya ajira ya 2004 inaweka masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na zaidi ya hapo ni ovataimu ya kulipwa. Meseji ya saa nne usiku "kesho ule mzigo usisahau" inakupunguzia wewe wasiwasi, inampa yeye. Iandike kwenye kidaftari, itume asubuhi.

Nyumbani ni kugumu zaidi

Kazini kuna mkataba na kuna kuondoka, nyumbani hakuna, na tena viongozi wako zaidi ya mmoja. Kaeni wewe na mwenzio wakati hamjagombana, baada ya chakula watoto wamelala, mkubaliane mambo machache: nani anasema nini kuhusu hela, simu za watoto na muda wa kulala, na kwamba hakuna kumsahihisha mwenzio mbele ya watoto, hata kama amekosea kabisa, mtaenda chumbani. Kinababa nawaomba kwa heshima, kuwa kichwa cha nyumba kusiwe ni kuletewa maji tu, watoto wanahitaji kusikia unawaza nini. Baba anaekaa kimya jioni nzima anaangalia mpira anadhani anapumzika, watoto wanadhani amekasirika.

Mama mkwe, au mama mzazi anaekaa na nyie, mpe jambo ambalo ni lake kweli na umuachie. Na dada wa kazi muite kwa jina lake, msalimie, mpangie muda wa kupumzika unaojulikana, umuulize na yeye lile swali la kitu kimoja. Watoto wanajifunza namna ya kumuongoza mtu kwa kuangalia unavyomtuma yeye, hawajifunzi kwa mawaidha.

Na ukivuka mpaka, omba msamaha. Watu wanaogopa eti mkubwa akimuomba msamaha mdogo heshima inashuka, wakati mdogo alishaona, alishaumia, anachosubiri ni kujua kama na wewe uliona. Taja ulichofanya, "nilikuita mwizi mbele ya wateja na sikuwa na ushahidi, nisamehe", usiweke "lakini" baada yake, na kama ulimvunjia heshima mbele za watu msamaha nao uombe mbele ya watu hao hao. Chumbani peke yenu hakurudishi kitu kilichopotea hadharani.

Mwisho angalia kalenda. Kuna vipindi unajua kabisa uvumilivu wako utakuwa mfupi, Januari na ada, kuhesabu stoku, siku za mwanzo za Ramadhani ambapo wote dukani wana kiu na mzigo unakuja saa tisa jua kali. Wiki moja kabla kaa na watu wako mpange, mizigo mizito ipokelewe asubuhi, mahesabu yenye mabishano yasubiri mpaka kesho yake, na anaefunga apewe nafasi ya kuondoka mapema kidogo awahi futari kwa zamu. Nyumbani pia, waambie watoto wiki hii mama atakuwa na mambo mengi, nikikaa kimya njooni mniulize msiogope, alafu wakija kweli, acha ulichoshika uwajibu.